Tulivyomngoja Bwana Harusi Kando ya Ziwa

Juzi nilitumwa dukani, Old Kampala, kununua vitu vya kumzikia jirani yetu. Mwenye duka alipofungua kopo la kafuri nikalazimika kushika meza. Akaniuliza kama nimefiwa na mtu wa karibu. Nikamwambia hapana, ni jirani tu, mzee aliyekula chumvi nyingi. Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba kulikuwa na wakati katika utoto wangu nilipoamini kafuri ni harufu ya harusi.

Msinicheke. Ninyi wa rika langu mnazijua nyumba zetu zilivyokuwa. Habari mbaya ilizungumzwa jikoni kwa sauti ya chini, na mtoto akiingia inageuzwa kuwa habari ya bei ya sukari. Mtoto aliachwa ajijazie mwenyewe yaliyobaki. Mimi nilijijazia vibaya, tena kwa furaha.

Tulikaa upande wa chini wa kilima, nyuma ya yale maduka ya zamani ya Wahindi. Mababu zetu walifika na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakabaki. Nje tulizungumza Kiluganda kama watu wote, ila mlango ukifungwa, Kiswahili. Nyumbani tulikuwa Baba, aliyeuza majani ya chai na viungo. Mama, ambaye miezi ile alikuwa mjamzito na miguu imemvimba. Bibi, mama yake Baba. Na Baba Mdogo Idrisa, ambaye nilimpenda kuliko wote kwa sababu hakujua kukasirika.

Baba Mdogo alifanya biashara ya mukene, dagaa wa ziwa letu. Alikwenda kuwanunua visiwani na kurudi na magunia yaliyofanya nyumba nzima inuke, na Bibi akimlalamikia alimshika mashavu kwa mikono yake ile ile akambusu kwenye paji la uso. Mwaka ule alikuwa ameposa binti wa Kibuli. Posa ilikwishajibiwa, kanzu imeshonwa, na mimi nilikuwa nimeahidiwa viatu vyekundu. Alisema anakwenda visiwani safari moja tu, kisha tuanze kupika.

Siku moja nikatoka madrasa nikakuta viatu vingi mlangoni, na ndani watu wamekaa kimya. Nikauliza kuna nini. Mama akaniambia Baba Mdogo amechelewa visiwani. Leo najua kwamba mtumbwi wao ulipinduliwa na dhoruba kabla ya kufika Ggaba, kwamba waliojua kuogelea walishika mapipa wakaokolewa, na kwamba yeye hakuwa miongoni mwao. Siku ile nilijua tu kwamba amechelewa, na kuchelewa si jambo la kumtia mtu hofu.

Bibi hakulia. Alisema mbele ya masheikh waliokuja kumpa pole kwamba hatalia, wala hitima haitasomwa nyumbani kwake, mpaka amwone mwanawe au aambiwe na mtu aliyemwona. Masheikh walimweleza kwa upole kwamba aliyekufa maji ana daraja yake kwa Mungu. Aliwajibu kwamba daraja anaijua, anachouliza ni mtoto yuko wapi, kalazwa wapi, nani kamwosha. Wakanywa chai yao wakaondoka.

Kuanzia siku ile akaacha kutumia maji ya bomba. Maji ya mji huu yanavutwa kutoka ziwani, pale pale Ggaba, na Bibi alilijua hilo kama anavyojua kila mtu. Aliweka masufuria na ndoo chini ya paa akakinga mvua, na maji hayo ndiyo aliyonywa, ndiyo aliyotilia udhu. Mvua isiponyesha alikaa na kiu. Mimi nilidhani bomba limetiwa sumu na watu wazima wananificha. Kila nilipokunywa nilingoja kufa, halafu nikishaona sijafa nakunywa tena.

Kisha akafunga mkoba. Nilimwona akiufunga, kitandani kwake, mlango ukiwa wazi kidogo. Kitambaa cheupe kipya, kirefu, kilichokunjwa vizuri. Pamba. Sabuni ambayo haijafunguliwa. Chupa ya manukato, vijiti vya udi, na kafuri kwenye karatasi. Vitu vyote vipya, vyote vinanukia, na vyote vimepangwa kwa uangalifu. Nikajua moja kwa moja. Zilikuwa zawadi za bwana harusi, na Baba Mdogo angefika kwa siri ili sherehe iwe ya kushtukiza. Nilitoka pale nikiruka ruka, na hakuna aliyeniuliza nafurahia nini.

Shule zilikuwa zimefungwa. Baba akaanza kunichukua kwenda ziwani, mkoba ule begani mwake.

Njia za ufukweni wakati ule zilikuwa mbili. Ya juu ilipita kwenye mashamba ya ndizi na mikaratusi, kavu, yenye upepo, na ukiwa huko unaliona ziwa lote. Ya chini ilifuata ukingo wa mafunjo, kutoka mwalo mmoja wa wavuvi, mahali wanapopandisha mitumbwi, hadi mwingine, kuanzia Ggaba kupita Munyonyo na kuendelea. Siku hizi ya chini haipo. Sehemu zimezibwa na kuta za hoteli, na ziwa lilipopanda miaka ya karibuni lilimeza zilizobaki. Sisi tulipita ya chini. Nilimwomba Baba twende ya juu, akasema ya juu haina faida.

Sikuipenda njia ile hata wakati nilipoamini inatupeleka harusini. Udongo wake ulikuwa mweusi na ulibonyea ukiukanyaga; mahali pengine haukuwa udongo hata kidogo, ni mizizi ya mafunjo iliyoshikana juu ya maji, na ukisimama unahisi inashuka taratibu. Mafunjo yalikuwa marefu kuliko Baba. Kenge waliingia majini tusiwaone, tunasikia tu kitu kizito kimetumbukia. Na kulikuwa na makalooli, wale korongo wenye vipara wanaokula takataka za mji. Kwenye mji niliwazoea. Pale ziwani waliposimama wengi pamoja mahali pasipo na takataka, Baba aliharakisha kuwaendea, mkono wake ukinibana vidole mpaka vinauma.

Alikuwa na masharti. Nisitangulie kwenye kona. Nikiona kitu majini nisikitazame, nimwite. Akiniambia nigeuke nitazame mlima, nigeuke hapo hapo, nisiulize. Niliyatii yote kwa kuwa nilidhani anataka awe wa kwanza kumwona nduguye, na nilimwonea kijicho kidogo.

Siku moja aliniambia nigeuke. Kulikuwa na kitu kimenasa kwenye magugu maji, kikubwa, kimefura, na inzi wameshafika. Nikageuka nikatazama mlima. Nilimsikia akivua viatu, nikasikia tope likimeza miguu yake hatua kwa hatua, nikasikia fimbo ikigusa kitu chenye ulaini. Nilitaka sana kugeuka na nilikuwa naogopa sana, bila kujua naogopa nini. Ilikuwa mara ya kwanza furaha yangu kutikisika.

"Ni ndama," alisema nyuma yangu. "Ni ndama tu, mwanangu." Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa habari njema na mbaya kwa pamoja. Alinawa mikono muda mrefu, kisha akanibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa.

Kwenye kila mwalo Baba aliuliza. Alisimama mbali kidogo na mitumbwi, akasalimia kwa Kiluganda kizuri, akasema ana ndugu yake aliyekuwa kwenye chombo kilichopinduka, je, kuna aliyeona chochote? Nami nilikuwa nimekwishatumwa kukaa kwenye kivuli, nisisikie. Niliona tu nyuso zao. Tukitokea, wanawake wanaacha kucheka, wanaume wanatupia turubai juu ya nyavu. Baba aliniambia baadaye kwamba jibu lilikuwa moja: Hatujaona, ssebo, yaani bwana. Hapa hakujafika kitu. Halafu walitusindikiza kwa macho mpaka mafunjo yatufiche.

Ilikuwa miaka ile ambayo watu wa doria walikuwa wakizunguka ziwani kusaka nyavu za macho madogo, na wakizikuta wanazichoma. Wengine walikuja wamevaa kiraia, na hadithi waliyokuja nayo mara nyingi ilikuwa hiyo hiyo, kwamba wanamtafuta ndugu. Baba alikuwa mrefu, nywele kazinyoa, buti za mpira miguuni. Aliniambia baadaye kwamba ndiyo sababu alinichukua: mtu mwenye binti mdogo mkononi hafanani na askari. Alifikiri vizuri, masikini, ila alisahau jambo moja. Aliongea nao Kiluganda, kisha akanigeukia mimi na kusema kwa Kiswahili, "Haya, mama, twende." Na Kiswahili, kwa masikio ya watu wale, ni lugha ya jeshi. Nyumbani kwetu ilikuwa lugha ya kubembelezea watoto, hata haikumpitia akilini kwamba kila aliponibembeleza alikuwa akijifungia mlango.

Wiki zikapita hivyo. Mvua zikaanza kupungua, na ndoo za Bibi zikakaa tupu. Midomo yake ilipasuka. Mama alimpelekea maziwa, juisi, hata soda, akanywa kidogo ili asiudhi. Usiku nilimsikia Mama akimwambia Baba kwamba tukiendelea hivi tutazika wawili, na mimi nikalala nikijiuliza wawili gani. Sikulala vizuri tena baada ya hapo. Asubuhi iliyofuata nilimwambia Baba sitaki kwenda ziwani, naye akanitazama kwa macho mekundu akaniambia, "Nisaidie mwanangu, sina mwingine." Nikavaa viatu.

Siku hiyo tulifika mwalo mdogo mbele ya Munyonyo ambao tulikwishaupita mara nyingi. Baba akaona makalooli mbali, akaniacha kwa mwanamke aliyekuwa akianika mukene juu ya nyavu kuukuu. Watu walimwita Nnalongo, jina wanalopewa mama wa mapacha. Baba aliacha mkoba nami kwa sababu mbele kulikuwa na maji ya magotini. Nnalongo aliendelea kutandaza dagaa wake bila kunitazama. Baba alipotoweka, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Wewe mutoto. Hii mutu ni nani yako?"

"Ni Baba."

"Iko askari?"

Nikacheka. "Hapana! Anauza chai."

"Sasa kwa nini nazungumuza na wewe Kiswahiri?"

"Nyumbani tunazungumza hivi hivi. Hata Bibi. Sisi ni Waislamu wa Old Kampala."

Mikono yake ikasimama. "Na hapa nyinyi natafuta nini, kila siku, kila siku?"

Nilikuwa nimeitunza siri yangu muda mrefu mno, na yeye alikuwa mtu wa kwanza mzima kuniuliza. Nikamwambia yote. Kwamba tunamngoja Baba Mdogo Idrisa, kwamba atatoka ziwani aje aoe, kwamba mimi nimeahidiwa viatu vyekundu. Akanitazama kana kwamba haelewi. Ili aamini, nikaufungua mkoba. Nikamwonyesha kitambaa, pamba, sabuni, na mwisho nikafungua karatasi ya kafuri nikamwekea puani anuse.

Aliirudisha karatasi ile mkobani mwenyewe. Akaufunga mkoba, akaukalisha mapajani pake, akaukumbatia.

"Bambi," alisema. Ndilo neno la Waganda la kumwonea mtu huruma. Alilisema tena na tena, bambi, bambi, na nikaona machozi yanamshuka, nami nikajua kwamba hakuna harusi. Sikuambiwa. Nilitazama kitambaa kilichochungulia kwenye mkoba na nikakumbuka mahali nilipokwisha kukiona, kimemfunika mzee mmoja msikitini. Mwili wote uliniwaka kwa hasira, hasira kwa Mama, kwa Bibi, kwa Baba hasa, aliyenishika mkono wiki zote hizo akijua.

Baba aliporudi alimkuta Nnalongo amesimama njiani kumngoja. Wakazungumza Kiluganda, nami nilielewa kila neno, na safari hii hakuna aliyenituma kivulini.

"Wewe si wa doria," Nnalongo alisema.

"Si wa doria, nyabo," Baba alimjibu, akimwita mama kwa heshima. "Nimesema tangu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza mlipopita hapa, ssebo, tulikuwa tumekwisha kumzika. Tuliogopa. Tungesema, askari wangetuuliza nani alimtupa majini."

Aliingia kibandani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na saa ya mkononi iliyokwisha kusimama, mkanda wake umefungwa kwa waya wa shaba. Waya ule Baba ndiye aliyeufunga. Nilimwona akiufunga, sebuleni kwetu, Baba Mdogo akimtania kwamba kazi hiyo angeifanya vizuri zaidi fundi kipofu wa Katwe. Baba akaigeuza saa mkononi, akaigeuza tena, kisha akakaa chini pale pale kwenye tope.

Kaburi lilikuwa juu kidogo ya njia, rundo la mawe chini ya mutuba, mti ambao gome lake hupondwa mpaka liwe nguo. Watu wa ziwani hawampandishi kijijini aliyekufa maji. Anayemwona ndiye anayemzika, karibu na hapo alipotokea. Nnalongo alieleza kwamba walimwosha kwa maji ya kisima, si ya ziwa, na kwamba walimfunga kwa nguo ya gome ambayo yeye Nnalongo alikuwa amejiwekea kwa siku ya kufa kwake. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilijua anachofikiri, kwa kuwa Bibi alikwishasema mara nyingi mbele yangu: mwanawe arudi, aoshwe na watu wake, alazwe kwa Kiislamu. Kufukua au kuacha. Aliuliza swali moja tu.

"Mlimlaza anatazama wapi?"

Nnalongo akanyoosha mkono kuelekea milimani. "Aliyekufa maji tunamlaza ziwa liwe mgongoni. Atazame nchi kavu, asije akaitwa tena."

Baba akalitazama jua, akatazama ziwa, akageuka polepole mpaka uso wake ukaelekea kaskazini, kule alikonyooshea Nnalongo, ndiko tunakoelekea tukiswali. Akabaki hivyo. Mawe yalikuwa mbele yake, yamelala sawasawa kama alivyotaka. "Alhamdulillahi," alisema. Hakufukua. Alitawadha, akamswalia nduguye peke yake, mimi nikiwa nyuma yake nimefunga mikono. Alipomaliza akampa Nnalongo kile kitambaa cheupe, kwa kuwa nguo yake ya gome alikwisha kuitoa. Mti ule leo uko ndani ya maji. Nilikwenda nikaona ncha za matawi.

Kabla hatujaondoka Nnalongo alinishika bega. Alinirudia kwa Kiswahili, labda alitaka nimpelekee maneno mtu wa nyumba yetu.

"Ambia jjajja yako, bibi yako, sisi nalilia mutoto yake. Wamama wote. Lakini jina hatujui. Mutu hawezi lia bila jina. Mimi nalia na jina ya Kato wangu."

Kato alikuwa mmoja wa mapacha wake. Ziwa lilimchukua akiwa kijana, na halikumrudisha mahali popote alipopajua mama yake. "Labda ng'ambo," alisema, "iko mama mwingine nalilia yeye na jina ya mutu mwingine."

Tulifika nyumbani kabla ya Magharibi. Bibi alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na alipoona mkoba umelegea akajua. Baba alipiga magoti akamweleza yote: saa, mawe, maji ya kisima, nguo ya gome, uso ulivyoelekea kibla. Nilimngoja Bibi aseme kwamba haitoshi, kwamba anamtaka mwanawe. Nilikuwa nimejiandaa kuanza kutembea tena kesho. Hakusema hivyo. Aliuliza kwa midomo yake iliyopasuka:

"Nani alimlilia?"

Nikasogea mimi, nikamwambia kuhusu Nnalongo, na wanawake wa mwalo, na jina walilokosa. Nikamwambia kuhusu Kato, ambaye kwa jina lake Nnalongo alimlilia Baba Mdogo.

"Kato," Bibi alisema, kama anayejaribu uzito wa kitu mkononi.

Kisha akalia. Wiki zote zile zilimtoka kwa mara moja, kilio cha sauti, cha kusikika mpaka barabarani, mpaka majirani wakaanza kuvua viatu mlangoni mwetu. Waliingia wakashangaa. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya Idrisa, na Bibi alikuwa akijipiga kifua akimlilia Kato, Kato mwanangu, Kato mwanangu. Mama alimfuata kumtuliza, amkumbushe jina. Bibi akausukuma mkono wake, akaendelea.